Si Kila Kinachounguza ni Vidonda

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nilikuwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Nilivitaja harusini ili nisipakuliwe maharage, nikavitaja misibani ili nisipewe pilipili, nikavitaja hata katika vikao vya walimu nilipotaka kikao kiishe mapema. Mke wangu alivijua, watoto walivijua, na mama aliyekuwa akiuza maandazi karibu na lango la shule alivijua pia, akawa ananiwekea kikombe cha maziwa pembeni kila saa nne asubuhi. Kila mtu alivijua, wala hakuna aliyewahi kuviona.

Mwaka 2014, nikiwa nimekwisha kustaafu, mwanangu alinichukua kwa nguvu akanipeleka hospitali ya rufaa. Huko niliingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia kinywani hadi tumboni. Daktari aliyenipima alikuwa kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Baada ya kunipumzisha aliniambia, "Mzee wangu, tumbo lako halina kidonda hata kimoja. Ila umio wako huku chini umeungua, na mlango wake umelegea." Nikamwuliza umeungua tangu lini. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, lakini hilo utanijibu wewe. Kiungulia kilianza lini?"

Kilianza kabla yeye hajamaliza shule ya msingi. Niliondoka pale nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha ilikwisha njiani, kabla basi halijafika Muheza. Hasira ninayo mpaka leo, nayo ndiyo iliyoniandikisha insha hii. Nina ugomvi na watu wanne: jirani anayetoa jina la ugonjwa kabla ya kuuliza, muuzaji anayetoa dawa kabla ya kuuliza, mwenye shughuli anayepakua chakula usiku wa manane, na mwalimu aliyefundisha nusu ya somo. Huyo wa nne ni mimi mwenyewe, nami nitaanza naye, kwa maana si haki kumchapa mtoto wa jirani na kumwacha wa kwako.

Nilipokuwa nikifundisha Sayansi katika shule za msingi, na baadaye nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilichora ubaoni mfumo wa kumeng'enya chakula mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Kisha nikachora mishale, na mishale yote ilielekea chini. Wanachuo wangu wakanakili mchoro ule, wakaenda nao Handeni, Lushoto, Pangani na Kilindi, wakauchora upya mbele ya watoto wa watu, na mishale ikaendelea kuelekea chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba siku nyingine yaliyomo tumboni hugeuka yakapanda. Tulifundisha njia kama barabara ya kwenda tu, ilhali kila aliyekuwa darasani, pamoja na mwalimu, amewahi kucheua uchachu kooni.

Basi na tulimalize somo leo. Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Hushuka kifuani nyuma ya moyo, hupenya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ndipo hufika tumboni. Pale mwisho wake pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya bawabu: hufungua tonge lipite, kisha hufunga. Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusagia chakula na kuua vijidudu, na kwa kuwa tindikali hiyo ingelila tumbo lenyewe, ukuta wake umepakwa ute mzito unaoukinga. Umio haukupewa kinga ya namna hiyo. Bawabu akisinzia, au tumbo likisukumwa kwa nguvu kutoka chini, tindikali hupanda ikaunguza ukuta wa umio. Mtu husikia moto kuanzia chembe cha moyo hadi kooni, maji machachu humjaa kinywani, na mbweu humtoka mfululizo. Wengine hawasikii moto wowote. Wao huwa na kikohozi kikavu cha usiku, sauti ya kukwaruza asubuhi, au hisia kwamba kuna donge limekaa kooni. Mimi sauti ya kukwaruza niliisingizia vumbi la chaki tangu ujana wangu. Chaki haikuwa na wakili.

Kiungulia cha siku moja, baada ya pilau ya Idi au ya Krismasi, si ugonjwa. Kila binadamu hupatwa nacho. Lakini kinapokuja mara mbili au zaidi kwa juma, juma baada ya juma, hapo mtu hana budi kukiita kwa jina lake na kukishughulikia kama ugonjwa sugu unavyoshughulikiwa, yaani kwa mwenendo wa kila siku.

Sasa niende kwa jirani. Kwetu hapa mtu akishika kifua na kukunja uso, kabla hajasema neno anaambiwa, "Hivyo ni vidonda vya tumbo. Acha maharage, na acha mawazo." Neno hilo limeota mizizi hata limekuwa kama kabila, mtu hujitambulisha nalo: "Mimi ni mtu wa vidonda." Sikatai kwamba vidonda vya tumbo vipo. Vipo, navyo ni ugonjwa wa kweli: ni kidonda hasa, katika ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, na kinaweza kutoboa au kuvuja damu mpaka mtu akafa. Lakini hata hivyo vidonda vya kweli, sababu tunayoitaja siyo. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Wakubwa wa fani yao hawakutaka kusikia, hata mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao akawanywa mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zile tunazomeza kama karanga kwa ajili ya mgongo na magoti. Maharage hayamo katika orodha hiyo. Maharage yalionewa bure, nami nilikuwa mmoja wa walioyaonea.

Jambo ninalotaka jirani alishike ni kwamba kuwa na bakteria huyo si sawa na kuwa na kidonda. Watu wengi sana katika Afrika wanaye tumboni na watakufa kwa uzee bila kidonda. Wala kumwua bakteria hakumwamshi bawabu aliyesinzia. Mimi nilipewa dawa mseto ya kumwua mara mbili, wiki mbili kila safari, bila kupimwa kama ninaye. Nilimeza, nikaharisha, nikamaliza, na kiungulia kikabaki pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa haki, niseme pia kwamba majirani si mara zote wanakosea. Mama mjamzito mwenye kiungulia huambiwa mtoto wake ana nywele nyingi, na nilikuwa nikicheka nikisikia hivyo, mpaka niliposoma kwamba utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliona kuna ukweli ndani yake. Basi nimeacha kucheka. Lakini hata mama huyo anahitaji kuambiwa zaidi ya habari za nywele. Anahitaji kuambiwa ale kidogo kidogo, na asilale mara baada ya kula.

Jirani pia ndiye mtoaji wa maziwa na magadi. Maziwa humpoza mtu kwa muda mfupi, hilo ni kweli. Lakini maziwa yenyewe huliamsha tumbo litoe tindikali zaidi, na baada ya kitambo moto hurudi na ndugu zake. Hata madaktari wa zamani walidanganyika: kuanzia mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago aliwalisha wagonjwa wa vidonda maziwa na malai kila saa, na matibabu yake yakatawala kwa miongo mingi. Ama magadi, yanapunguza makali ya tindikali mara moja, kama maji yanavyozima kaa. Lakini ni chumvi ya sodiamu, na mzee mwenye shinikizo la damu anayelamba magadi kila usiku anazima moto wa kifuani na kuwasha wa kwenye mishipa. Mimi nina shinikizo la damu, na nililamba.

Wa pili ni muuzaji wa dawa. Simtukani, katika vijiji vingi ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho anayefikiwa. Lakini nimesimama mbele ya madirisha yake mara nyingi, na maneno yetu yalikuwa haya: "Nipe ya vidonda." "Ya bei gani?" Hakuna swali jingine. Hakuniuliza kinaanza saa ngapi, hakuniuliza kama chakula kinakwama, hakuniuliza namezea nini kingine. Ningeulizwa hilo la mwisho ningesema kwamba namezea nifedipini ya shinikizo la damu, na dawa hiyo hulegeza msuli ule wa bawabu kwa baadhi ya watu. Namna hiyo mtu hununua mkono wa kushoto dawa ya kuzima kile kinachochochewa na mkono wa kulia. Sisemi mtu aache dawa yake ya shinikizo la damu, la hasha! Nasema aulizwe, na aliyemwandikia aamue kama ipo nyingine inayomfaa. Hali kadhalika vidonge vya doksisaiklini na vya maumivu: ukivimeza kwa funda dogo la maji kisha ukalala, huweza kunasa katika umio na kuuchoma. Kidonge humezwa kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au amesimama.

Dawa iitwayo omeprazoli ilianza kuuzwa duniani mwaka 1988, na ni dawa njema. Hupunguza utengenezaji wa tindikali kuliko vile vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, ambavyo huipooza tu ile iliyokwisha kutoka. Lakini ina kanuni zake, na kwa miaka yote niliyoinunua hakuna aliyenipa. Humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo, aghalabu ule wa asubuhi; mimi nilikuwa nikiimeza usiku nikiwa nimekwisha kushiba na kuungua, kama mtu anayefunga zizi baada ya ng'ombe kutoka. Hutumiwa kwa wiki nne hadi nane, kisha daktari hutazama hali. Mtu aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla, tumbo hutoa tindikali kwa wingi zaidi kwa majuma kadhaa, naye hudhani ugonjwa umezidi, akarudi dirishani kununua nyingine. Wapo wanaoihitaji kwa miaka, kwa amri ya daktari na kwa kuangaliwa, kwa sababu matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Lakini kuinunua kila mwisho wa mwezi pamoja na sukari na sabuni, bila mtu yeyote kujua unatibu nini, hiyo si tiba.

Wa tatu ni mwenye shughuli, na hapa najua nitawaudhi wengi. Siku hizi kadi ya harusi husema saa kumi na mbili jioni. Bwana harusi huingia saa tatu usiku, hotuba huanza saa nne, na chakula hufunguliwa saa tano, wakati mwingine saa sita. Watu waliokaa na njaa tangu mchana hujaza sahani wali wa nazi, kuku wa kukaanga, nyama na ndizi, wakasukumia soda mbili, kisha hupanda gari, wakafika nyumbani na kujitupa kitandani. Mafuta hulichelewesha tumbo kumaliza kazi, gesi ya soda hulitanua, na mtu aliyelala hana hata uzito wa ardhi wa kumsaidia kushikilia tindikali chini. Ukitaka kumtengenezea mtu kiungulia kwa makusudi, huwezi kubuni mpango bora zaidi ya huo. Na ukijitetea kwamba hutakula usiku ule, utaambiwa unadharau shughuli.

Hata majumbani kwetu hatuko salama. Mimi mwenyewe nilikuwa nasahihisha madaftari hadi saa nne usiku, ndipo napakuliwa ugali na samaki wa nazi, na saa nne na nusu nimelala. Niliita hiyo ni kazi ngumu. Nilikuwa pia na kitambi, na kitambi cha mkuu wa shule huheshimiwa. Wazazi hukitazama wakasema shule ina uongozi. Kumbe kitambi hulikandamiza tumbo kutoka chini, na mkanda wa suruali niliokuwa nikiubana juu yake ulimalizia kazi. Sigara na pombe humlegeza bawabu pia. Sigara niliiacha mapema, lakini kitambi nilikitunza kama cheo.

Nilichokifanya baada ya mwaka 2014 nitakieleza, si kwa kujisifu, bali kwa sababu karibu chote hakikugharimu kitu. Daktari alinipa omeprazoli ya wiki nane, na kanuni yake. Fundi seremala akanikatia vipande viwili vya mti vyenye kimo cha sentimita 15, nikaviweka chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Mito mingi haifai, kwa sababu humkunja mtu tumboni na kulibana zaidi. Ni kitanda kizima kinachotakiwa kuinama. Usiku wa kwanza mke wangu alilalamika kwamba tunateleza kama tumelala kwenye mteremko wa Usambara, lakini baada ya juma moja akazoea. Nilijifunza kulalia ubavu wa kushoto, kwa maana kwa umbo la tumbo lilivyo, upande huo huiacha tindikali chini ya mlango wa umio. Mlo mkubwa niliuhamishia mchana. Usiku nakula kidogo, saa moja, na silali kabla ya saa nne. Mkanda nimeulegeza, na kwa muda wa mwaka mmoja nilipungua kilo tisa. Hilo la kupungua, naamini, ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Ama vyakula, nilifanya kama tunavyowafundisha wanafunzi: nilifungua daftari. Kwa wiki mbili niliandika nilichokula, saa niliyokula, na saa kiungulia kilipokuja. Wengi hukabidhiwa orodha ndefu ya makatazo, wakaishia kula wali mweupe na kuhuzunika. Lakini watu hawafanani. Daftari langu lilisema maharage hayana kosa, pilipili kidogo haina kosa, chai ya maziwa ya asubuhi haina kosa. Lilisema kahawa ya jioni ina kosa, vitu vya kukaanga vya usiku vina kosa, na chungwa usiku lina kosa kubwa. Hili la chungwa liliniuma, kwa kuwa mimi ni mtu wa Muheza, na miti imenizunguka nyumba. Sasa nakula chungwa saa kumi alasiri nikiwa nimesimama kivulini, na tumeelewana.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza watasema, mwalimu si daktari. Ni kweli, na sijamwandikia mtu dawa yoyote. Lakini saa ya kula, kimo cha kitanda, na kujua jina la kiungo kilichomo mwilini mwako si siri za madaktari. Pili watasema, haya ni maneno ya mstaafu mwenye kula mara tatu. Mkulima arudiye shambani jioni na familia inayopika mara moja kwa siku watachagua saa gani? Hoja hii ni nzito zaidi, nami siwezi kuipuuza, maana nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Nawajibu kwamba mama yangu alipika kabla jua halijazama, kwa kuwa taa ya mafuta ilikuwa ghali, na tulikaa barazani tukisikiliza hadithi kwa muda mrefu kabla ya kulala. Umaskini haukutulaza na tonge kooni. Kilichoondoa zile saa za barazani ni televisheni na mazoea. Na vipande viwili vya mti, au matofali, chini ya kitanda ni vya maskini na tajiri sawasawa. Pale ambapo kweli mtu hana namna ila kula usiku, basi na ale kidogo, akae, azungumze na watoto, ndipo alale. Ndugu zetu wanaofunga nao wasile daku na kurudi kitandani papo hapo.

Tatu watasema, kwa nini makelele yote haya kwa jambo dogo, kiungulia hakijamwua mtu. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, tuliyesoma pamoja chuoni na kufundisha pamoja kwa miaka minane. Jina lake silitaji. Alikuwa na kiungulia kama mimi, naye aliitwa mtu wa vidonda kama mimi. Kisha ikaja siku ambapo ugali ulimkwama kifuani, akausukuma kwa maji. Baada ya miezi miwili akawa anakula wali tu, baadaye mtori, baadaye uji. Alikonda, na sote tulimwona anavyokonda. Tulimwambia nini? Tulimwambia, "Vidonda vimekuzidi, badilisha dawa." Alibadilisha dawa dirishani kwa muda wa karibu mwaka mzima. Alipofikishwa kwenye mpira wenye kamera ilionekana saratani ya umio, na ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Tulimzika mwaka 2017. Mimi nilikuwa nimekwisha kupimwa miaka mitatu kabla yake, nilijua tofauti ya umio na tumbo, na bado nilikaa barazani kwake nikimshauri kuhusu maziwa.

Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Ile iliyo nyingi kwetu hailetwi hasa na tindikali. Huhusishwa na tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za sentigredi huenda husababisha saratani hiyo, na sisi tuna watu wanaojisifu kunywa chai ikichemka. Ipo pia aina nyingine, ya nadra zaidi, inayoweza kuota kwa wachache ambao umio wao umeunguzwa na tindikali kwa miaka mingi. Lakini kwa mgonjwa na nduguze, tofauti hiyo ni ya daktari kuitafuta. Kazi yao wao ni kuzijua dalili zisizovumiliwa: chakula kukwama au kuuma kikimezwa, kukonda bila sababu, kutapika damu au vitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, kupungukiwa damu, na kiungulia kipya kinachoanza uzeeni kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Mwenye moja ya hizo asiende dirishani. Aende hospitali, aseme maneno haya: "Chakula kinakwama," au "Choo changu ni cheusi," wala asiseme "Nina vidonda." Akisema ana vidonda atapewa dawa ya vidonda.

Na kuna hatari nyingine upande wa pili. Umio na moyo ni majirani, na maumivu yao hufanana. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokuja mtu anapopanda mlima au kubeba mzigo, yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, yenye jasho na kukosa pumzi, hayo si ya kulambia magadi. Hayo ni ya kukimbiza hospitali usiku huo huo.

Sina chuki na jirani wangu, wala na muuzaji, wala na wenye harusi. Na harusi za wajukuu zangu nitakwenda, nitakula nyumbani kwanza. Ninachodai ni kwamba tuache kuliita kila jambo la kifuani kwa jina moja, kwa sababu jina la uongo ndilo linalomzuia mtu asiulize tena. Mimi lilinipotezea miaka kumi na mitano na fedha ya kununulia bati. Mwenzangu lilimpotezea mwaka mmoja, nao ndio mwaka aliouhitaji.

Nanyi walimu mnaoshika chaki sasa, mtakapochora umio ubaoni, chini ya umio chora na bawabu. Chora mshale unaoshuka, kisha chora mwingine unaopanda, na waambie watoto waende wakawaulize babu na bibi zao nyumbani kiungulia kilianza lini.